Udongo na mbolea ya mindimu na mchenza wa kwenye ndoo: Pwani, maji ya kisima

PaaLaZege

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba ushauri wa wanaoijua miti jamii ya michungwa kwenye vyombo. Nina mindimu miwili kwenye ndoo za lita 20 na mchenza mmoja kwenye nusu pipa. Yote ni miche ya kubebeshwa (iliyounganishwa juu ya shina la mti mwingine), umri kama miaka miwili, ipo juu ya paa la zege Kigamboni, jua la kutwa. Maji ni ya kisima, yana chumvi kwa mbali ukiyaonja.

Udongo uliomo: nusu ni udongo mweusi wa viroba, robo samadi ya kuku, robo mchanga mweupe. Kila mwezi napandia kijiko kimoja cha mbolea ya DAP na majivu ya jikoni. Majani mapya yanatoka ya njano, mishipa inabaki ya kijani. Majani ya zamani yanaungua ncha. Maua yanakuja mengi ila vijitunda vinapukutika vikiwa saizi ya choroko.

Nataka kujua mchanganyiko sahihi wa udongo kwa vipimo vya ndoo au sado, mbolea ipi na kiasi gani, na kama kuna haja ya busta za majani (mbolea za kupulizia) wanazouza maduka ya pembejeo.

---

FundiKitalu

Mkuu, miti yako haina njaa. Dalili ulizotaja ni mbili na kila moja ina chanzo chake, lakini vyanzo vyote tayari vimo ndani ya ndoo.

Jani jipya la njano lenye mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Mara nyingi chuma chenyewe kipo kwenye udongo, ila pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyopanda, asidi inapungua) ikipanda juu ya 7 mizizi haiwezi kukichukua. Michungwa na jamaa zake wanataka pH ya 5.5 hadi 6.5. Mchanga mweupe wa Pwani mara nyingi una vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa tupu, na majivu ni chokaa nyingine juu yake. Ukiongeza DAP, fosforasi nayo inakuja kukifunga chuma na zinki. Hapo hata ukimwaga ndoo nzima ya mbolea, jani litatoka la njano vilevile.

Ncha zinazoungua ni chumvi. Samadi ya kuku ina chumvi nyingi kuliko ya ng'ombe au mbuzi, robo nzima ya chombo ni nyingi mno, na maji ya kisima yanaongeza nyingine kila unapomwagilia.

Pima mchanga wako: weka konzi moja kwenye kikombe, mwagia siki. Ukisikia unachemka na kutoa mapovu, una chokaa, usiutumie. Fanya hivyo hata kwa mchanga wanaokuambia ni wa mtoni.

Sasa mchanganyiko. Kwa ndoo 10 za vipimo (tumia sado moja hiyohiyo mwanzo hadi mwisho, usibadili chombo katikati):

Ndoo 4 za makumbi ya nazi, nusu yake vumbi na nusu vipande vya ukubwa wa ukucha. Ndoo 3 za mchanga wa mto wa chenga kubwa. Ndoo 2 za udongo tifutifu wa juu, mwekundu au wa kahawia, usio na mfinyanzi mwingi. Ndoo 1 ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, isiyo na harufu na isiyopata joto ukiirundika.

Watu wengi wanashangaa samadi kuwa kidogo. Chombo si shamba. Shambani kitu kinachooza kinaachia nafasi na mizizi inahamia kwingine. Kwenye ndoo kikioza kinashuka chini, kinaziba, na baada ya mwaka mmoja chombo kimepungua inchi tatu na chini ni tope. Mizizi ya michungwa inahitaji hewa kuliko mizizi ya miti mingi ya matunda. Ikikosa hewa inakuja kuoza, shina linatoa gundi karibu na usawa wa udongo, na majani yanageuka njano kuanzia mshipa wa kati. Chakula cha mti kitatoka kwenye mbolea utakayoyeyusha. Kazi ya udongo ni kushika mti, maji na hewa.

Makumbi yana masharti. Mengi ya Pwani yamelowekwa kwenye maji ya bahari au ya chumvi, kwa hiyo usiyatie yalivyo. Loweka kwenye maji matamu, koroga, mwaga, rudia mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa na rangi ya chai. Raundi ya mwisho weka kalsiamu naitreti ya kawaida, gramu 50 kwa lita 10, yalale usiku kucha, kisha suuza mara moja. Usipofanya hivyo, makumbi yatanyang'anya kalsiamu na magnesiamu utakazokuja kuweka baadaye na kuachia sodiamu badala yake.

Mchanga uchekeche kwa wavu wa dirisha, ule wa mbu. Kinachobaki juu ya wavu ndicho unachotaka. Kinachopita mwachie fundi wa plasta.

Kama hupati makumbi, pumba za mpunga zinafaa badala ya sehemu ya vipande, ila zilizochomwa nusu zina asili ya chokaa, na kwa maji yako usizidishe ndoo 1 katika 10. Maranda mabichi ya mbao usiyaguse: vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote ya chombo, na kama mbao ilitiwa dawa ya mchwa ni balaa jingine.

Kabla hujapanda, pima hewa. Ziba matundu ya ndoo tupu ya lita 20, jaza mchanganyiko wako, mwagilia taratibu mpaka maji yang'ae juu. Acha saa moja. Inyanyue juu ya diaba, zibua matundu, kusanya maji yanayotoka kwa saa moja. Yakitoka lita 3 hadi 5, mchanganyiko una hewa ya kutosha. Chini ya lita 2, ongeza mchanga wa chenga au vipande vya makumbi. Yakizidi lita 6, utakuwa mtumwa wa kumwagilia mara mbili kwa siku, ongeza udongo kidogo.

Kokoto chini ya ndoo: hapana. Maji hayatoki kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi. Toboa matundu 6 hadi 8 ya milimita 10, funika kwa kipande cha wavu uleule, inatosha. Inua ndoo juu ya matofali mawili ili matundu yasigusane na zege.

---

PaaLaZege

Asante sana mkuu. Siki imechemka vizuri tu, kumbe.

Mambo mawili. Nimeazima kipimo cha TDS (chumvi iliyoyeyuka majini), maji ya kisima yanasoma miligramu 850 kwa lita. Pili, mindimu naweza kuihamisha, lakini mchenza wa kwenye nusu pipa ni mzito na una mizizi imejaa, siwezi kuung'oa wote. Kuna namna?

---

MizaniYaMbolea

Nijibu upande wa maji na mbolea, la pipa namwachia Fundi.

850 ni nyingi. Machungwa huanza kupunguza mazao maji ya umwagiliaji yakivuka 1.1 dS/m, ambayo ni kama miligramu 700 za chumvi kwa lita, na hapo ni shambani kwenye udongo unaosuuzwa na mvua. Kwenye ndoo ya lita 20 juu ya zege, maji yanakauka na chumvi inabaki. Changanya na maji ya mvua au ya bomba nusu kwa nusu ushuke kwenye 400 hivi. Kama una bati, simtanki moja ya masika inafika mbali kwa miti mitatu.

Kila unapomwagilia, mwagilia mpaka kiasi cha moja ya sita hivi ya maji kitoke chini. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakojaza chumvi, maana hakuna kinachotoka. Na mara moja kwa mwezi suuza: ndoo ya lita 20 inapitishiwa lita 40, kwa awamu tatu zenye nusu saa kati yake. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye matundu, usisubiri mwezi uishe.

Siki kwenye maji ya kumwagilia, kabla mtu hajaja kuipendekeza: inashusha pH kwa muda, vijidudu vya udongo vinaila, chokaa inarudi palepale. Na chumvi haiguswi kabisa.

Sasa mbolea. Michungwa inakula naitrojeni kwa wingi, potasiamu kiasi, fosforasi kidogo sana. Uwiano unaofaa ni kama 4:1:3 au 5:1:3. Tazama DAP: 18:46:0. Iko kinyumenyume. Ni mbolea ya kupandia mahindi; kwenye mndimu wa chombo haina kazi. NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa) inafaa kama sehemu tu ya mlo, si mlo wote.

Kiasi: chombo cha lita 20 chenye mti uliojaa kinahitaji gramu 15 hadi 20 za naitrojeni halisi kwa mwaka. Kwa vyombo vya zaidi ya lita 60 chukua nusu gramu kwa kila lita, kwa hiyo nusu pipa lako ni gramu 50 hivi. Ratiba ya wiki nne inayotoa hicho kiasi kwa ndoo moja ya lita 20:

Wiki ya 1, 2 na 3: kalsiamu naitreti ya kawaida (15.5% naitrojeni), gramu 1 kwa lita, mpe lita 2.

Wiki ya 4: NPK 17:17:17 nusu kifuniko cha soda, tawanya pembezoni mbali na shina na ukwaruze iingie. Halafu yeyusha gramu 1 ya potasiamu salfeti na gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye lita 2 za maji, mwagilia.

Kwa mwaka hiyo inakupa naitrojeni gramu 16 na nusu, fosforasi (kwa namna inavyoandikwa mfukoni) gramu 4 na kitu, potasiamu 11. Kwa pipa zidisha kila kitu mara tatu.

Kwa nini wiki ya nne imetengwa? Kalsiamu naitreti ikikutana na salfeti kwenye ndoo moja ya mchanganyiko mzito inaganda kuwa jasi, unaona unga mweupe chini, na ulicholipia kimekuwa plasta ya ukutani. Na fosfeti ni hivyohivyo.

Soma mfuko vizuri unaponunua kalsiamu naitreti. Kuna ile iliyoongezwa boroni 0.3%, ndiyo maduka mengi wanayo kwa sababu ya nyanya na kahawa. Kwa gramu 1 kwa lita inatoa miligramu 3 za boroni, wakati limau na ndugu zake huanza kuumia hata kabla ya kufika miligramu 1. Ukiitumia kila wiki, ncha za majani zitageuka njano kisha kahawia na utadhani ni chumvi. 

Potasiamu: chukua ya salfeti, 0:0:50. Ile ya bei rahisi ni ya kloraidi, 0:0:60, nyekundu au nyeupe. Kloraidi ndiyo hasa inayounguza ncha za michungwa na maji yako tayari yanayo.

Kama pH bado iko juu baada ya kubadili udongo, wiki moja kati ya zile tatu weka SA, yaani salfeti ya amonia (21% naitrojeni), gramu 1.5 kwenye lita 2 badala ya kalsiamu naitreti. SA inashusha pH polepole, CAN (kalsiamu amonia naitreti) haishushi maana imechanganywa na chokaa. Urea iache: ukiitupia juu ya udongo wenye chokaa kwenye joto la Dar, sehemu kubwa inapaa kama hewa ya amonia.

Chuma: chukua cheleti ya EDDHA (chuma kilichofungwa ili udongo usikishike), ile nyekundu kama damu ukiitia majini. Cheleti ya EDTA ni nafuu lakini inavunjika pH ikivuka 6.5 hivi, kwa hiyo kwa udongo wako ni hela ya bure. Gramu 2 kwa ndoo ya lita 20, yeyusha kwenye lita moja, mwaga jioni, funika na udongo kidogo kwa sababu jua linaiharibu. Majani yaliyokwisha kuwa njano yanaweza yasirudi vizuri. Angalia chipukizi linalofuata.

Busta za majani: zenye zinki na manganizi zinasaidia, kwa sababu madini hayo mti unahitaji kidogo sana na jani linaweza kuyanywa. Puliza chipukizi likiwa limefunguka theluthi mbili ya ukubwa wake, jioni, kwa kipimo cha lebo au chini yake. Busta ya NPK ya 20:20:20 kwa jani la mchungwa ni pambo tu, gramu inazoingiza hazifiki popote. Kama lebo haitaji asilimia za madini, iache dukani.

Kudondosha vijitunda: miti hii huangusha sehemu kubwa ya maua na vijitunda hata ikiwa mizima. Kuangusha huko kukizidi, mara nyingi ni kwa sababu ya kukauka na kulowa kwa zamu, au joto la mizizi. Ndoo nyeusi kwenye zege inapitisha nyuzi 40 upande wa jua, na mizizi ya upande huo inakufa. Iweke ndani ya ndoo kubwa zaidi, acha nafasi ya vidole viwili, au paka nje rangi nyeupe.

---

AsiliTupu

Mnatisha watu na kemikali. Bibi zetu walikuwa na milimau uani inazaa mwaka mzima, wanamwaga majivu na maji ya kuoshea vyombo basi. Maganda ya ndizi yana potasiamu, maganda ya mayai yana kalsiamu, machicha ya kahawa yanaongeza asidi. Kwa nini mtu anunue mifuko minne?

---

FundiKitalu

Mlimau wa uani una mizizi mita tatu kila upande na masika inauosha kila mwaka. Unajitafutia. Wa kwenye ndoo unakula ulichompa tu, na uchafu wako wote unabaki naye.

Maganda ya mayai ni chokaa, na kwa huyu bwana chokaa ndiyo ugonjwa wenyewe. Machicha ya kahawa yaliyokwisha kukamuliwa hayana asidi ya maana, asidi ilibaki kikombeni. Ukiyatandaza juu yanaganda na kuzuia maji. Maganda ya ndizi tia kwenye shimo la mboji, usiyazike kwenye ndoo, yanaita nzi na mchwa na yanaachia kidogo mno. Majivu yana nafasi yake kwenye udongo wenye asidi wa nyanda za juu.

Lakini hoja ya kulisha kwa asili inawezekana, ukikubali kazi. Chukua majani mabichi ya alizeti pori, yale ya maua ya njano kando ya barabara; yana naitrojeni na potasiamu nyingi na fosforasi kidogo, uwiano unaokaribia ule ambao mchungwa unautaka. Kata kilo 5 za majani na machipukizi laini, usichukue vijiti, funga kwenye kiroba, zamisha kwenye lita 50 za maji matamu. Koroga kila siku, siku 14. Linuke linavyonuka. Kisha lita 1 ya hiyo kwa lita 3 za maji, lita 2 kwa ndoo kila wiki. Upungufu wake ni kwamba hujui nguvu yake hasa. Ikikolea kuliko ulivyodhani, jani linakuonyesha baada ya wiki mbili, siyo kesho. Supu ya samadi ya mbuzi inatengenezwa vivyo hivyo. Ya kuku kwa maji ya chumvi, sahau.

Samadi yoyote unayoleta, ichekeche kwanza. Kwa Pwani huku mara nyingi ina funza wakubwa weupe wa mdudu aitwaye chonga na jamaa zake, na ndani ya ndoo wakikosa kitu kinachooza watatafuna mizizi laini.

---

MlimauNairobi

Naongezea kwa wasomaji wa huku juu, maana mijadala kama hii hunakiliwa Nairobi, Arusha na Mbeya kisha watu wanafuata neno kwa neno.

Kwetu shida ni kinyume. Udongo mwekundu wa huku una asidi, pH ya 5 hadi 5.5 si ajabu, na mfinyanzi wake ukishindiliwa kwenye chombo haupitishi hewa. Mchanga wa chenga ukiwa ghali, tumia pumisi, vitalu vingi vinaleta kutoka upande wa Naivasha. Chekecha uchukue punje za milimita 3 hadi 8. Sehemu 4 za pumisi, 3 za udongo mwekundu, 2 za makumbi au pumba, 1 ya mboji. Hapa chokaa ya dolomaiti inahitajika, gramu 2 kwa kila lita ya mchanganyiko, na inaleta magnesiamu pia. CAN inafaa vizuri badala ya kalsiamu naitreti, gramu 1 kila wiki kwa chombo cha lita 20. Ile SA ya Pwani itawamaliza.

Juni hadi Agosti msilazimishe. Udongo wa chombo ukipoa hadi nyuzi 13 mizizi inasimama, majani yanapauka, na mtu anakimbilia agrovet kununua mbolea. Punguza maji na lisha mara moja kwa mwezi mpaka joto lirudi.

Magnesiamu mnaitambua kwa majani ya zamani: njano pembeni, kwenye kikonyo inabaki pembetatu ya kijani. Zinki ni majani mapya, madogo, membamba, yamesongamana. Manganizi ni majani mapya ya ukubwa wa kawaida yenye ukungu wa njano katikati ya mishipa. Naitrojeni ni mti mzima kupauka kuanzia chini.

Kuna njano moja ambayo hakuna mbolea inayoiponya: mabaka yasiyolingana, upande mmoja wa jani haufanani na wa pili, na rangi inavuka mishipa bila kuijali. Tunda linakuwa kombo na mbegu zimesinyaa. Huo huenda ni HLB (huanglongbing), ugonjwa wa bakteria anayeenezwa na vidudu vidogo vinavyofyonza machipukizi. Huku kwenye baridi kidudu chetu, Trioza erytreae, kinaacha vipele kwenye jani. Upande wa Pwani ya Kenya na Tanzania ameshaingia yule wa Asia, Diaphorina citri, anayestahimili joto. Mti wa namna hiyo unang'olewa na kuchomwa, na mche mwingine ununuliwe kitalu kinachokaguliwa, siyo kando ya barabara.

---

PaaLaZege

Yangu inalingana pande zote mbili za jani, afadhali. Nangoja la pipa. Na je, nihamishe mindimu sasa au nisubiri mvua?

---

FundiKitalu

Mindimu hamisha wiki mbili tatu kabla ya vuli au masika, wakati hakuna chipukizi laini wala maua. Siku moja kabla, mwagilia vizuri. Toa mti na bonge lake, kata tabaka la nje la mizizi iliyojizungusha, unene wa sentimita 2 hadi 3, kwa kisu kikali, na ya chini vivyo hivyo. Kung'uta udongo wa zamani mpaka nusu ya bonge, usiuoshe wote. Punguza matawi robo ili majani yalingane na mizizi iliyobaki. Kiungio, pale mche ulipobebeshwa, kikae juu ya udongo angalau sentimita 10, kisifunikwe hata kwa matandazo. Shindilia kwa maji, siyo kwa miguu wala ngumi. Kivulini siku 10 hadi 14, na mbolea isubiri mpaka uone chipukizi jipya, kwa kawaida wiki tatu au nne. Mzizi uliokatwa ukikutana na mbolea unaungua.

Machipukizi yakitokea chini ya kiungio, yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Hilo ni shina la chini linajitafutia maisha, na likiachwa litaumeza mndimu wenyewe. Utalijua kwa miiba mirefu na majani tofauti.

Pipa: usiung'oe mchenza. Kata kabari kama za keki. Kwa msumeno wa kupogolea au panga nyembamba, kata kuanzia ukingoni kuelekea kwenye shina, uishie sentimita 15 kabla ya kulifikia, kwenda chini mpaka sakafu ya pipa. Toa robo moja ya mzunguko, jaza mchanganyiko mpya, mwagilia. Baada ya miezi mitatu toa robo ya upande wa pili, mkabala na ya kwanza. Kwa mwaka umebadili karibu wote na mti haujui. Kata robo moja tu kwa wakati, hata kama mkono unawasha.

Robo zinazosubiri zamu, zisaidie kwa kusuuza. Lita 200 kwa nusu pipa, maji ya mvua ukiyapata. Halafu salfa ya unga, ile wanayopulizia mikorosho, gramu 1 kwa kila lita ya udongo, ichanganywe na sentimita 5 za juu. Inachukua wiki sita hadi nane kufanya kazi kwa sababu bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi. Lakini kwa mchanga uliochemka siki namna hiyo salfa haitafua dafu peke yake: asilimia moja tu ya chokaa kwenye kilo 20 za udongo inataka gramu 64 za salfa kuimaliza. Ndiyo maana nasema toa udongo, usijaribu kuutibu.

DAP na majivu simamisha leo, usingoje kuhamisha. Kwenye pipa, EDDHA anza sasa ili chipukizi la mvua litoke la kijani, gramu 6 kwa pipa zima, ukitia zaidi kwenye robo mpya hakuna faida.

---

MizaniYaMbolea

Nyongeza ya maua, maana swali litakuja. Pwani hatuna baridi ya kuuambia mti uchanue, kinachouamsha ni ukame. Mti ukishashika na kuwa na majani mengi ya kijani, punguza maji mpaka majani yaanze kujikunja mchana na kufunguka usiku, shikilia hapo wiki tatu hivi, mbolea usitie. Majani yakibaki yamejikunja hadi asubuhi umepitiliza. Kisha mwagilia kwa nguvu na urudie ratiba kuanzia wiki ya 1. Mti wenye majani ya njano usiufanyie hivi. Utakuchanulia maua mengi kweli, na utayaangusha yote.

---

PaaLaZege

Nimeelewa. Kalsiamu naitreti niliyopewa dukani imeandikwa 15.4 na B 0.3.

---

MizaniYaMbolea

Hiyo ndiyo ya boroni. Kama mfuko haujafunguliwa irudishe, omba ya 15.5 isiyo na B. Kama umeshaufungua, itumie kwenye nyanya.